Skrubu Ndani ya Raba ya Hewa

Wanangu wasomaji, kabla sijafungua barua ya leo niwaringie kidogo, maana nisiporinga mwenyewe nani ataniringia. Mjomba wenu nina bahati ya miguu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini miguu hii miwili imenifikisha kwenye bandari ambazo maprofesa wanaziona kwenye kalenda. Nimepika melini, nimecheza dansi na wajane wa mataifa manne, na sasa nina miaka sitini na mbili, miguu yote miwili ipo mahali pake na bado inadai muziki. Mwenye kijicho anywe maji.

Haya, barua.

*Mpendwa Mjomba mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na usicheke. Mimi ni mtunza stoo kwenye karakana ya samani, ila mtaani hawanijui kwa stoo, wananijua kwa raba, tuko kundi la wapenda raba kwenye simu, watu zaidi ya mia tatu, na mimi wananiita Unyayo, kwa sababu raba mpya ikitoka mimi ndiye naivaa kwanza, nashinda nayo kazini kutwa, jioni najirekodi nimefumba macho naeleza mguu umesikia nini, na nikisema ngumu hainunuliwi, nikisema laini inaisha dukani.*

*Sasa mwezi huu imetoka ya kukimbilia, soli yote ni mifuko ya hewa, inaonekana kwa nje kama chupa, na kundi likawaka moto, mmoja akasema hiyo si raba ni godoro la wagonjwa, mwingine akasema akiivaa hiyo mkewe hatamsikia akirudi, na kuna fundi umeme mmoja ambaye hajawahi kusifu kitu akaandika, "Tusibishane, tumsubiri Unyayo," basi mwenye duka akanipa jozi nijaribu, nikavaa kutwa nzima, jioni nikarekodi, nikasema jamani nimekanyaga shavu la mtoto mchanga, kulia na kushoto sawasawa, tangu nizaliwe sijavaa hewa kama hii. Sifa zikamiminika mpaka simu ikaisha chaji.*

*Nilipoichaji fundi umeme akanipigia pembeni, akasema, "Kaka, hebu itazame tena video yako, raba ya kulia imelala, haina upepo." Nikamwambia macho yake yana wivu. Halafu nikavua. Mjomba, soksi ilikuwa imegandana na mguu kwa damu, mke wangu akaingiza mkono ndani ya raba akautoa haraka, akaenda kuchukua koleo, akachomoa skrubu ya mbao ndefu kama kidole changu cha mwisho, ilikuwa imetoboa soli, ikapasua mfuko wa hewa, ikaniingia mimi, na sijui niliikanyaga asubuhi au mchana.*

*Akaniuliza, "Baba watoto, na wewe hukusikia?" Nikamjibu nilisikia, ila mwanaume halii kwa skrubu. Hakucheka.*

*Ukweli sikusikia. Huu mwaka wa pili sisikii miguu yangu, kuanzia vifundoni kwenda chini ni kama ya mtu mwingine, zahanati waliwahi kunipima sukari wakasema iko juu, wakanipa vidonge, nikajiona mzima nikaviacha, na raba zote za miaka hii miwili nimezisifia kwa kuziangalia sura na kubuni maneno. Leo ni siku ya sita, kidonda kimekuwa cheusi pembeni na kinanuka, navaa soksi mbili na kujipulizia manukato, mke nimemwambia kinafunga. Na Jumamosi mwenye duka amekodi ukumbi, nipande jukwaani nimefungwa kitambaa machoni, nitambue raba tano kwa mguu tu, na nikishindwa jina langu limekwisha. Nifanyeje nivuke Jumamosi, hospitali niende Jumatatu?*

*Ni mimi, Unyayo.*

Unyayo mwanangu, umeniuliza utavukaje Jumamosi. Hukuniuliza utaivuka na miguu mingapi.

Barua yako imenifikia jana. Namba uliyoandika nimeipiga mara sita, hupokei, kwa hiyo nakusema hapa gazetini mbele za watu. Vumilia. Mtu anayepulizia kidonda manukato amenipa haki ya kumsema.

Kwanza pole, tena pole ya kweli. Najua utamu wa kusubiriwa. Unashinda stoo unahesabu bawaba na vitasa, hakuna anayekuuliza una maoni gani, halafu jioni watu mia tatu hawafungui pochi mpaka ufumbe macho useme. Hata mimi ningebuni maneno.

Lakini wewe ni mjinga, mwanangu, nalisema kwa mapenzi. Unajua raba ya kila mtu mpaka rangi ya kamba, na mguu wako mwenyewe hujawahi kuugeuza ukautazama. Fundi umeme asiyesifu kitu alikuona vizuri zaidi kwenye kioo cha simu kuliko ulivyojiona ukiwa ndani ya kiatu. Na mkeo aliyeshika koleo unamwambia kinafunga, kana kwamba hana pua.

Kidonda cheusi kinachonuka hakina Jumatatu. Ukifika mstari huu kunja gazeti. Chai iache. Mwite mkeo, vua soksi zote mbili mbele yake, mwache aseme atakayosema, kisha mwende hospitali kubwa, si zahanati, leo. Usiukanyagie huo mguu, tafuta gari. Usiuloweke kwenye maji ya moto, maana yatakuunguza na hutajua. Mwambie daktari habari ya sukari na vidonge ulivyoacha kabla hujamsimulia skrubu. Wakisema ulale, lala.

Jumamosi mwenye duka atafute mguu mwingine. Wewe jirekodi huko huko kitandani, safari hii macho wazi, uwaambie kundi kwamba hukuhisi kitu, na miaka miwili ulikuwa unabuni. Watakucheka. Fundi umeme mpigie mwenyewe, umshukuru. Katika watu mia tatu wamo wawili watatu wenye ganzi wanaonyamaza kama wewe, na siku hiyo watageuza nyayo zao watazame. Ukipona, kila kiatu kabla ya kukivaa kikung'ute, ingiza mkono upapase ndani, na kila jioni shika kioo uangalie chini ya mguu. Kila jioni, hata ukichoka.

Na siwezi kukutuma useme kweli mbele ya watu mia tatu huku mimi nimejificha nyuma ya picha ya gazeti inayonionyesha kuanzia kifuani. Mimi nilikanyaga kipande cha kioo, kikapenya kiatu cha dansi. Nilisema kidonda kinafunga, nikasubiri harusi ya binti yangu ipite kwanza.

Ile miguu miwili niliyowaringia hapo juu ni uongo. Ninao mmoja.