Koti Nililotuma Tanga

Mbaga, Jumatano, Julai 1949

Kumbe baharini hakuna baridi kama ya huku. Ningejuaje mimi, ambaye safari zangu zote huishia Same?

Eliamini, anayefanya kazi na mume wangu Tanga, amekuja leo peke yake. Jumamosi walikwenda kuvua samaki mbali na pwani, watu wanne kwenye mashua ndogo. Ikapinduka. Watatu waliishikilia wakaokolewa. Mume wangu amezama, na mwili haujaonekana.

Eliamini alinivuta nje, kwenye migomba. "Shemeji, ni lile koti. Lilipolowa lilimvuta chini. Tulimwambia mapema alivue, akacheka. Alisema, 'Mke wangu kashuka mlima mzima kulipeleka stesheni, halafu mimi nilivue?'"

Koti zito la jeshi. Kaka yangu alirudi nalo salama kutoka vitani. Nilimwandikia mume wangu asiende baharini bila kulivaa. Niliandika hivyo, kwa mkono huu huu.

Mama mkwe hajaambiwa kwamba koti ndilo lililomzamisha. Jioni alinishika mikono, akaniuliza kama mwanawe alikuwa amelivaa. Nikasema ndiyo.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Basi hakupigwa na baridi."