Kifundo cha Bi Asya

Jumanne, 6 Agosti 2024

Wagonjwa thelathini na mmoja leo. Msimu wa karafuu umeanza na mikarafuu inawatupa watu. Mmoja, Soud wa Pujini, kavunjika mikono yote miwili — anauliza nani atamfungia kikoi. Sikuweza hata kucheka. Sameer, mwenzangu, yuko Dar mafunzoni mpaka mwezi ujao. Chumba cha eksirei ni mie na mashine tu.

Mchana kaja Bi Asya, mkunga wa Kisiwa Panza. Alikuwa anashuka botini Chokocho, mguu ukaingia baina ya mawe mawili. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Kifundo kimevimba kama embe bolibo. Fomu ya daktari wa zamu: kifundo cha mguu, kulia. Nikampiga picha ya mbele, nikampiga ya ubavu. Mifupa yote mizima. Nikamwambia, alhamdulillahi Bi Asya, hamna kilichovunjika.

Akasema, mwanangu, na huku juu je? Akashika chini ya goti, upande wa nje. Pananiuma napo.

Nikamwambia fomu inasema kifundo. Mlangoni wapo tisa, mmoja analia. Nikamwambia maumivu hupanda, Bi Asya, ni kawaida.

Akanishukuru! Kapewa bendeji na vidonge, akaambiwa kateguka tu, apumzike wiki mbili.

Miguu yangu mwenyewe imejaa. Nalala.

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Ishirini na sita. Aproni ya risasi, ya kuzuia miale, inanikata mabega. Nimekula muhogo wa jana nimesimama. Sina la kuandika.

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Kwenye foleni ya altrasaundi mama mmoja wa Panza anawahadithia wenzake. Bi Asya kamzalisha mkwewe juzi, kakaa juu ya kibao, mguu kaunyoosha pembeni kama si wake. Kupumzika wapi? Kule mkunga ni yeye. Ati usiku mguu unamwaka moto. Ati kuchuchumaa hawezi tena, hata sala anasali kwenye kiti.

Nikajisemea kano huchukua muda kupona. Nikajipa jibu hilo upesi mno. Nimerudi chumbani nikaita anayefuata.

Mbona sasa, nikiandika, namwona tena kashika chini ya goti?

Jumanne, 27 Agosti 2024

Bi Asya karudi.

Dkt. Haidar wa mifupa naye karudi kutoka likizo leo, na mgonjwa wake wa kwanza ni yeye. Mlango ulikuwa wazi, niliona. Hakugusa kifundo kwanza. Aliubana muundi katikati, mifupa miwili kwa pamoja, na Bi Asya akapiga ukelele — akashika chini, kifundoni! Pale palipobanwa hapakumuuma. Daktari akampapasa kwenda juu, kidole kwa kidole, mpaka chini ya goti. Bi Asya akamkamata mkono.

Akamleta kwangu mwenyewe kwa kiti cha magurudumu. Akasema, Thuraiya, mpige kasimama. Kilichoachana hakionekani mtu akilala. Halafu nipe muundi wote mpaka goti.

Tulimsimamisha, mie huku, mumewe Mzee Pandu kule, halafu tukamwacha kwa sekunde mbili autie mguu uzito wake. Sikupata kusikia mtu akisema "Yarabi" kwa sauti ndogo kama ile.

Picha ya kwanza. Upande wa ndani wa kifundo, baina ya mifupa, pana nafasi ambayo haifai kuwapo. Mtu anaweza kuiona kutoka mlangoni.

Picha ya pili. Ule mfupa mwembamba wa nje, juu kabisa, karibu na goti — umevunjika kwa kujizungusha, kama kamba iliyosokotwa. Pembeni yake mna wingu jeupe, mfupa mpya. Wiki tatu hizo. Mwili ulishaanza kuganga peke yake, na unaganga vibaya.

Dkt. Haidar alinieleza polepole, si kwa kunisuta. Kano zinazofunga mifupa miwili juu ya kifundo zimechanika, nguvu ikapanda muundi mzima, ikatokea huko juu. Kifundo chenyewe hakina ufa, ndiyo maana watu huambiwa wameteguka. Kano na gegedu, ule mfupa laini wa maungio, hazionekani kwenye eksirei. Zinataka mashine ya MRI, na hiyo hatunayo. Aende Unguja, afunguliwe, mifupa irudishwe, itiwe skrubu. Ingekuwa wiki ya kwanza, alisema, ingekuwa kazi nyepesi. Sasa hajui.

Alipotoka nikaifungua picha ya tarehe sita. Niliikuza. Nafasi ile ipo. Nyembamba, lakini ipo. Nimeitazama mpaka macho yakatoka maji.

Jumatano, 28 Agosti 2024

Sikulala vyema. Kumi na tisa tu leo lakini kila mmoja nimemuuliza, na pahala pengine wapi panakuuma? Mzee mmoja kaniuliza kama mie ni mgeni hapa.

Saa nne Dkt. Haidar kaniita. Anaandika barua ya rufaa. Kaniuliza, siku ile Bi Asya alikwambia kuwa juu panamuuma?

Nikasema fomu iliandikwa kifundo.

Akasema, sikukuuliza fomu.

Yeye akaendelea kuandika. Hata hakunyanyua uso. Nadhani alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Nikaenda wodini. Bi Asya alikuwa amelala kwa ubavu, Mzee Pandu anamchambulia chungwa. Nilipofungua mdomo yule mzee akatoka nje kwa adabu zake. Nikasema, Bi Asya, ulinambia na sikukupiga picha. Mfupa umevunjika pale pale uliponionesha. Nisamehe.

Alinigeukia. Kisha:

"Nilikwambia."

"Ulinambia."

"N'katoka hapa n'kajiona mie ndiye mdeko. Wiki tatu najisema, Asya, umezeeka, maumivu kidogo tu haya unalialia."

Hilo sikulitarajia. Nilitarajia anitukane. Akasema, hata wanawake wangu hunambia, Bi Asya hapa si sawa, na mie nina mwengine anasukuma chumba cha pili. Yuko mmoja mwaka juzi sikumsikia. Hakumtaja jina. Nikangoja anambie basi yamekwisha, nimekusamehe. Hakusema.

Akaniuliza, n'tachuchumaa tena?

Nikasema itategemea. Neno la hospitali. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 29 Agosti 2024

Bi Asya kagoma! Haendi Unguja. Panza kuna wajawazito wawili mwezi wao ndio huu, na mmoja mimba iliyopita alitoka damu nyingi. Mzee Pandu kambembeleza, kisha kakasirika, kisha kaenda kukaa kwenye ngazi kashika kichwa.

Dkt. Haidar kapiga simu asubuhi nzima. Mwisho muuguzi mmoja wa Chokocho kakubali kuvuka akae Panza mpaka Bi Asya arudi. Bi Asya kataka azungumze naye mwenyewe. Kamhoji nusu saa kama anamwozesha binti yake! Tena kamwambia, wakikwambia panauma, usiwaulize fomu. Sijui kama alijua nipo mlangoni.

Kakubali. Gari kesho asubuhi, boti Mkoani.

Nimechoka uchovu ambao hauko miguuni.

Ijumaa, 30 Agosti 2024

Saa moja na robo asubuhi. Naandikia kazini, kitu ambacho sikifanyi.

Gari la wagonjwa liko nje, Bi Asya kashapakiwa, mguu juu ya mito. Nimemtilia picha zote kwenye bahasha, na za tarehe sita pia. Mkono ulitaka kuziacha. Nimezitia.

Dkt. Haidar kaja, kaweka barua mezani kwangu. Kila mahali kajaza ila pahala pamoja tu: maelezo ya siku ya kwanza. Kasema daktari wa Unguja atataka kujua, na mie ndiye niliyekuwapo. Kasema pia, na hili kalisema akiwa mlangoni, kwamba barua ikishapita hapa nakala inakwenda kwa mkuu wa hospitali. Basi. Katoka.

Nijaribu hapa kwanza, mkono uzoee.

"Mgonjwa alilalamikia kifundo." Kweli, lakini uongo.

"Mgonjwa alieleza pia maumivu chini ya goti, picha haikupigwa." Haikupigwa na nani? Na upepo?

Honi. Mzee Pandu ananichungulia dirishani. Bi Asya, kule garini, hachungulii. Kafumba macho.

"Mgonjwa alinionesha chini ya goti. Mimi, Thuraiya, sikupiga picha, kwa sababu"

Kwa sababu gani? Walikuwa tisa mlangoni. Fomu. Fomu na tisa mlangoni. Hapana, nifute "kwa sababu". Iishie kwenye "sikupiga picha".

Honi tena. Nakuja, nakuja! Kalamu ya buluu au nyeusi? Kwenye barua wanataka nyeusi —