Yoga ya Nyuma ya Ukuta

Mbarara, Jumapili tarehe 16 Juni 2024

Kwako dada yangu mkubwa, yaya Eugénie,

Nakusalimu kwa furaha, wewe na shemeji Appolinaire na watoto wote hapo Baraka. Nataka kujua goti lako linaendeleaje, lile ulilosema linavimba kila ukitoka shambani, na kama mtoto wa mwisho ameacha kukohoa. Sisi huku tuko. Mvua ilikuwa nyingi msimu huu, mahindi ya kule kambini kwetu Nakivale yanakauka vizuri, na kaburi la mama nililipalilia juma lililopita. Mimi mwenyewe ni mzima, tena mzima kuliko ulivyonizoea.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwa simu ningesikia sauti yako, ningeogopa, ningekatisha maneno nikasema mtandao ni mbaya. Kwa hiyo nimeandika, na mama Pascaline anayekuja huko kuwaona wajukuu wake amekubali kuibeba. Uisome ukiwa umekaa.

Unajua kwamba ninafanya kazi Mbarara. Sikuwahi kukueleza ni kazi gani, nilisema tu niko hotelini. Yaya, mimi ni mchochea moto. Nyuma ya hoteli hiyo kuna nyumba ya mazoezi, na nyuma ya nyumba ya mazoezi kuna kijumba chenye tanuri. Mimi napasua kuni za mikaratusi, naingiza motoni, na joto linapita kwenye mabomba mpaka chumba cha mvuke na chumba kingine kikubwa chenye sakafu ya mbao. Katika hicho kikubwa watu wanafanya yoga ya joto. Ni mazoezi ya kunyoosha mwili na kupumua, mlango umefungwa, na joto ni kama la Uvira saa saba mchana kabla ya mvua. Wanatoka humo wamelowa kama waliotoka ziwani, na wanacheka.

Miezi minane nilipika joto hilo bila kuwaona walivyofanya ndani. Niliwasikia tu. Mwalimu wao anaitwa Liliane, ni Mnyankole wa Endiinzi, mtoto wa watu wa ng'ombe, alisomea mambo hayo Kampala. Wengi wa wanafunzi wake ni wake za maaskari wa kambi ya jeshi, na wengine ni maaskari wenyewe, kwa hiyo anafundisha kwa Kiingereza kidogo na kile Kiswahili chao cha jeshi. Ukuta wangu ni wa unene wa tofali moja, kila neno linapita. Simama! Mikono juu! Pumua ndani, pumua inje, pole pole!

Wakati huo nilikuwa bado nakunywa. Wewe uliniacha nakunywa, na baada ya mama kufariki nilizidi. Asubuhi mikono ilitetemeka hata shoka nililishika vibaya. Siku moja, kwa kuchoka na kutetemeka huko, nilifuata sauti ya yule mwalimu. Akisema simama, nilisimama. Akisema pumua, nilipumua. Nikaona mikono imetulia kidogo. Kesho yake nikafuata tena, nimevaa bukta na gambuti, katikati ya kuni.

Shida ni kwamba nilisikia majina bila kuona maumbo. Akisema mti, nilisimama kama mti, hiyo ni rahisi. Lakini akisema ngamia! Mimi ngamia sijawahi kumwona. Nilikwenda Base Camp, pale sokoni Nakivale, kwa Msomali mmoja mwenye duka la vitambaa, nikamwuliza ngamia anakaaje. Alinitazama sana, kisha akapiga magoti nyuma ya meza yake, akanionyesha ngamia anavyojikunja akitua mzigo. Basi miezi mitatu nilifanya hivyo, magoti na viganja chini, kichwa mbele, naamini ndiyo yoga. Kumbe ngamia wao ni kupiga magoti na kujipinda kwenda nyuma mpaka ushike visigino! Cheka tu, yaya, hata mimi nacheka.

Liliane ndiye aliyenifumania. Siku hiyo chumba kilipoa upande mmoja, akatoka kuja kunigombeza, akafungua mlango wa kijumba akanikuta nimejikunja kingamia mbele ya tanuri. Nilidhani kazi imeisha. Alijipangusa jasho, akaniuliza, "Nani alifundisha wewe?" Nilimjibu kwamba ni ukuta. Akaniambia nisimame mti. Nikasimama. Alihesabu mpaka sitini na mguu wangu haukutikisika. Alisema niongeze kuni, na Jumatano, kijana wa bustani atashika tanuri, mimi niingie ndani.

Nilioga mara mbili Jumatano hiyo, nikavaa fulana safi. Lakini yaya, joto lile haliachi kitu mwilini. Dakika kumi tu, waragi yote niliyokunywa jana ikaanza kutoka kwenye ngozi yangu. Mke wa kapteni mmoja aliyekuwa karibu yangu aliinua mkeka wake akahamia mbali. Nilijua ni kwa ajili gani, na kila mtu alijua. Nilitamani sakafu inimeze. Kichwa kilizunguka, nikakaa chini, nikafikiri kukimbia. Liliane alikuja akasogeza mkeka wangu karibu na mlango, akaniletea maji, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba humu ndani mtu akinywa pombe anaweza kuanguka na kufa, kwa hiyo nichague. Halafu akarudi mbele akaendelea kufundisha.

Sikuchagua siku hiyo. Niliirudia chupa mara nyingi, sitaki kukudanganya. Lakini kila Jumatano ilikuwa kipimo changu, kwa sababu jasho lingenisema mbele za watu. Nikaanza kuacha siku moja kabla, kisha siku mbili, kisha juma. Nilikwenda pia kliniki, muuguzi alipima tansyo yangu, yaani presha ya damu, akakunja uso, akanipa vidonge ambavyo nameza mpaka leo, na akasema mazoezi ni mazuri lakini hayachukui nafasi ya dawa, tena ninywe maji mengi na nisiingie kwenye joto siku nikiwa na homa. Nafuata yote. Nakula maharage na mboga za dodo na viazi, sukari nimepunguza. Leo ni mwaka mmoja na miezi minne sijaonja tone. Tumbo lile la pombe limekwisha. Ukiniona utasema ni marehemu baba akiwa kijana.

Sasa sikiliza ninalojivunia zaidi. Liliane alinifundisha miezi sita, alinisahihisha ngamia na mengine yote, akanifanya msaidizi wake. Mwezi wa pili mwaka huu koo lilimkauka kabisa, sauti haikutoka, akanisukuma mbele ya watu ishirini na wawili. Miongoni mwao alikuwa meja mmoja. Mimi, Emery, mkimbizi wa Fizi, nikamwambia meja, "Simama! Mikono juu!" na meja akainua mikono. Nilipomaliza, yule mke wa kapteni alikunja mkeka wake akanishika mkono, akasema "Asante, mwalimu." Mwalimu, yaya! Neno hilo nililala nalo.

Tangu wakati huo kila Jumamosi napanda gari kwenda Nakivale. Karibu na Base Camp kuna ukumbi wa mabati ambao hakuna mtu anayeutaka saa sita mchana, kwa sababu ndani unaungua. Mimi ndiye ninayeutaka! Hakuna tanuri, hakuna kuni, Mungu mwenyewe ndiye anachochea. Milango naiacha wazi nusu, ndoo ya maji iko kati, na mwenye mimba au mgonjwa wa moyo namkalisha kivulini afanye kupumua tu. Walianza wamama watatu, sasa wanafika thelathini. Ni watu wa jembe, migongo yao imekufa kwa kuinama. Nawafundisha kwa Kiswahili chetu cha kwetu. Pozi la mwisho, lile la kulala chali bila kusogea, Mbarara wanaliita maiti. Mimi nilikataa jina hilo. Watu wetu wameona ya kutosha. Nawaambia tu, lala fasi yako, pumzika.

Pasta Venuste alisikia akaja na Biblia yake, akauliza ni roho gani tunayoiita humu. Nilimwambia hatuiti roho yoyote, tunahesabu pumzi. Hakuniamini, akakaa mlangoni Jumamosi mbili akiangalia. Ya tatu akasema mgongo wake unamsumbua sana akihubiri, je, kuna kitu cha mgongo. Sasa mkeka wake uko mstari wa kwanza, na anajipinda kuliko vijana.

Ningependa niishie hapa, yaya, uniwaze hivyo. Lakini mwezi uliopita alikuja mwanamke mmoja darasani, anaitwa Mutesi. Humfahamu. Baada ya lile pozi la kupumzika wengine waliinuka wakaenda, yeye akabaki amelala, machozi yanaingia masikioni. Nikakaa karibu yake. Aliniambia kwamba amenitambua, kwamba miaka mitatu iliyopita alikuwa amelazwa kliniki ya Nakivale, kitanda cha pembeni ya mama yetu. Kisha alihamia Rugaaga kulima, ndiyo maana hatukuonana tena.

Unakumbuka nilivyokupigia simu siku ile mama alipofariki. Nilikuambia nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuambia alisema, "Mwambie Eugénie nimembariki pamoja na watoto wake." Najua maneno hayo umeyatunza. Shemeji aliniambia umeyaandika kwenye jalada la Biblia yako.

Yaya, sikuwepo. Mama hakuniambia maneno hayo, niliyatunga mimi. Ilikuwa saa tisa mchana na mimi nilikuwa kwenye kilabu cha pombe, hatua chache tu kutoka kliniki. Walituma mtu mara mbili kuniita, nikasema nakuja. Nilipofika walikuwa wamekwisha kumfunika. Ulipopokea simu ukaniuliza kama alikuwa peke yake, nikatunga. Miaka mitatu umenishukuru kwa kumshika mkono, na kabla sijaacha pombe, kila uliponishukuru nilikwenda kunywa.

Mutesi alidhani naujua ukweli wote, ndiyo maana alisema bila kuficha. Alisema mama alianza kutafuta kwa mkono, anapapasa shuka. Mutesi alishuka kitandani kwake akaenda akamshika. Macho ya mama yalikuwa hayaoni tena vizuri. Akauliza, "Eugénie, ni weye?" Mutesi hakujua Eugénie ni nani. Aliona tu kwamba mzee anahitaji jibu, akamwambia, "Ndiyo mama, ni mie, niko hapa." Mama akasema, "Umekuja mbali sana." Akauminya ule mkono, akatulia. Hakusema kitu kingine. Mutesi alikaa naye mpaka mkono ukapoa.

Hayo ndiyo maneno yake, yaya, nami sikuongeza hata moja. Sikutajwa, wala sistahili kutajwa. Ile baraka iliyo kwenye Biblia yako ifute ukitaka, ni ya mlevi. Lakini ujue kwamba mama aliondoka anaamini umefika.

Ukikasirika, kasirika, nitavumilia. Ukichelewa kunijibu, nitangoja. Nimeandika haya mchana huu nikiwa na kikombe cha maji tu mezani, na mikono yangu haitetemeki, angalia hata herufi zilivyonyooka.

Mutesi anakutumia salamu. Anasema akikuona siku moja atakupa mkono ule ule.

Nisalimie shemeji, watoto, na majirani wote wanaonikumbuka kwa mema au kwa mabaya. Goti lako ulikande kwa maji ya moto jioni, na usibebe vizito. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,

Emery