Kifaru cha Yaya Shabani

Kasongo, Alhamisi. Mvua tangu adhuhuri.

Shajara yangu, leo sikushona hata kaptula moja ya shule. Ua wetu umejaa watu waliokaa chini ya turubai, na mimi nimejifungia chumbani na simu ninamoandikia, vidole vimegandwa na gundi. Nikichelewa kutoka watanifuata. Acha niandike kabla hawajabisha.

Nimemaliza kuunda kifaru.

Si mnyama. Ni kifaru cha vita, cha plastiki, kinachoenea kwenye kiganja. Watu wa hapa husema blende. Zamani vijana wa Ulaya walikuwa wakinunua maboksi ya namna hii: ndani mna vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kwenye vijiti, kama vifungo vipya vinavyokuja vimeshonewa kwenye kadi. Unakata, unagandisha, mpaka kitu kifanane na picha ya kwenye kifuniko. Mimi ni mshona nguo. Kifaru cha kweli sijawahi kukiona, na sidhani kama kuna kilichothubutu kuja upande huu, maana barabara yetu ya Kabambare inameza hata malori. Vita vilivyotufikia sisi vilikuja kwa miguu, vimevaa mabuti ya mpira.

Boksi lilikuwa la kaka yangu mkubwa, Yaya Shabani. Padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao alimpa, kwa kuwa Yaya alikuwa akimtengenezea baiskeli yake. Baba alicheka mpaka akakohoa: mtoto wa chuoni, anayejua juzuu zake, amepewa kitu cha kuchezea na padri! Yaya hakujali. Alikaa barazani na wembe wa baba, akaanza kazi. Mimi nilikuwa mdogo, nafukuza kuku wasije wakameza magurudumu.

Aliunganisha mwili, magurudumu ya upande mmoja, na kile kichwa cha juu chenye mzinga. Kisha akaenda Kabambare.

Alikwenda kwa baiskeli, amepakia chumvi na sabuni, pamoja na wanaume wa mtaa. Kule chumvi ilikuwa imekwisha, na nyumbani tulihitaji mchele. Kila mtu alijua njia ina watu wenye silaha, na kila mtu alisema watajihadhari. Walipovuka mto Luama wakapigiwa risasi. Wakatawanyika porini, kila mmoja na upande wake. Wengine walirudi mmoja mmoja, bila baiskeli, miguu imevimba. Yaya hakurudi. Hakuna aliyemwona akianguka. Hakuna aliyemwona popote.

Sasa, nyumbani kwetu kuna mwiko. Kazi aliyoianza msafiri haiguswi na mtu mwingine mpaka arudi. Bibi aliwahi kwenda Nyangwe kumtazama dada yake mgonjwa, akaacha mkeka umefika nusu, na sisi tukalala kwenye mikeka iliyotoboka mpaka aliporudi kuumaliza kwa mkono wake mwenyewe. Ukimalizia kazi ya msafiri umesema harudi. Umemfungia njia.

Kwa hiyo boksi la Yaya likapandishwa juu ya kabati. Na kwa kuwa boksi lilikuwa juu ya kabati, hatukulia. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na kisomo. Baba alikufa anasubiri. Baba mdogo alikuja mara nyingi kumsihi mama tumsomee mtoto hata Yasini moja. Mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha kabati.

Ndivyo tulivyoishi, katika nyumba yenye mtu asiyekufa wala asiyekuja. Heri ingekuwa mzimu. Mzimu angalau watu wanajua amekufa.

Macho ya mama yamefunikwa na mtoto wa jicho. Siku hizi anaona mwanga wa mlango tu, na kivuli cha mtu akisimama hapo. Wiki iliyopita nilikuwa namsuka, akasema ghafla:

"Mwamini, ile kigari ya yaya yako, uimalize sasa."

Niliuachia msuko niliokuwa nimeushika. Nikamuuliza, "Na akirudi, mama?"

"Miye nimechoka kumungoja, mutoto yangu. Na yeye, pale kwenye iko, amechoka kungojewa."

Nilikasirika. Naliandika hapa kwa sababu huko nje siwezi kulisema. Amenizuia kulia tangu nikiwa msichana wa mikia miwili kichwani, na sasa anataka nimzike kaka yangu kwa wembe na gundi, kwa mkono wangu mimi. Kwa nini asimpe fundi wa redio? Fundi wa redio angemaliza kabla ya chai kupoa.

Lakini hasira ile ilikuwa ya uongo. Ukweli ni kwamba kati yetu wawili, mimi ndiye niliyekuwa bado namsubiri. Nikienda sokoni napitia pale zinaposimama pikipiki zinazotoka Kabambare, ingawa si njia yangu. Natazama nyuso zilizopakwa vumbi. Najiambia sasa atakuwa na mvi, atakuwa amenenepa, huenda nikampita bila kumtambua. Mama hajui. Hakuna anayejua.

Hata hivyo mama akisema jambo, amesema. Nikaliteremsha boksi.

Mende walikuwa wamekula karatasi ya maelezo, ikabaki picha ya kifuniko peke yake. Gundi ya mle ndani ilikuwa imekuwa jiwe. Nikaenda kuomba gundi kwa mshona viatu, akaniuliza ninagandisha nini, nikamwambia kiatu. Plastiki ilikuwa ya kijani, lakini imechuja kama sombe ya majani ya muhogo iliyolala.

Kilichonitisha ni minyororo. Kifaru hakina tairi, kina minyororo miwili inayozunguka magurudumu, na katika boksi hili minyororo ni ya mpira laini. Yaya alikuwa amevisha mmoja tayari. Muda wote ule juu ya kabati, mpira umeyeyusha magurudumu. Haukupata moto, wala hapana aliyeugusa. Umelala tu pamoja na plastiki bila kusogezwa, ukaila kidogo kidogo, mpaka huwezi kusema mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Nilikishika kile kitu karibu na dirisha nikatufikiria mama na mimi, ndani ya nyumba hii.

Sikukikata. Nimeuacha mnyororo ule ulivyoshikana.

Mnyororo wa pili ulikuwa wangu kuuvisha. Ncha zake mbili zinaungwa kwa kuyeyushwa, basi nikapasha kisu kwenye makaa ya pasi. Moshi mdogo tu ulitoka. Lakini harufu ile naijua. Wakati wa vita, tuliporudi kutoka kujificha porini, tulikuta jiko limechomwa na mabeseni ya mama yameyeyuka, yameganda sakafuni, moja la bluu na moja jekundu, na mama alikaa chini akajaribu kuyabandua kwa kucha. Niliweka kisu chini, nikaenda nyuma ya jiko, nikatapika. Halafu nikanawa uso nikarudi kukaa.

Tangu nianze kazi hii silali vizuri, na hata mchana kuna mtu chumbani humu.

Yaya alikuwa na jino la mbele lililovunjika. Akishughulika na kitu kidogo alipumua kwa mdomo, na pumzi ikapita pale penye pengo na kutoa kimlio chembamba. Juzi, jua likiwa juu, mimi nimeinamia kipande kisichozidi punje ya mchele, nikausikia mlio ule. Nikainua kichwa taratibu kuangalia nyuma yangu, na mlio ukakatika. Nikainama tena, ukaanza tena.

Mlio ulikuwa wangu. Nilikuwa napumua kama yeye.

Mimi nina meno yote.

Jana nikafikia kile kichwa cha juu. Yaya alikuwa amekigandisha, na kwa haraka yake alikigusa gundi ikiwa mbichi. Gundi ile ya zamani ilikuwa kali, inalainisha plastiki, kwa hiyo dole gumba lake limebaki pale juu na mistari yake yote. Mshonaji akiona kosa anafumua, ni tabia yetu. Nilikwisha kuchukua msasa wa kulisugua. Kisha nikaweka dole gumba langu juu ya lile lake, kumsalimu tu.

Langu lililifunika lote, na likazidi pande zote.

Miaka yote nimekuwa nikimkumbuka mtu mkubwa. Mrefu, mwenye mabega, anayebeba gunia la chumvi, anayejua njia. Pikipiki zile nilikuwa nikizitazama kumtafuta mwanamume. Kumbe tulimtuma mtoto. Sikulia, kwa sababu kulia bado kulikuwa kumekatazwa, lakini niliurudisha msasa kwenye droo na sikula chakula cha jioni.

Leo asubuhi kilibaki kipande kimoja tu. Picha ya kifuniko inaonyesha mtu mdogo, kichwa na kifua, ametokeza kwenye tundu la juu anaangalia mbele. Nilikung'uta boksi, nikapekua vijiti vyote, nikafagia chini ya kabati. Hayupo. Na nisifiche: nilifurahi. Mtu hayupo, kazi haijaisha, Yaya bado yuko safarini. Nilimwendea mama barazani, nusura nicheke, nikamwambia haiwezekani, kuna kipande kimepotea.

Mama alishika pindo la kitenge chake, pale wanawake wanapofungia pesa ya soko. Fundo lile nalijua. Kitenge kikichakaa alilihamishia kwenye kipya, na siku zote nilidhani ni ugoro, nikamheshimu nisimuulize. Alihangaika nalo kwa kucha na kwa meno, akakataa nimsaidie. Ndani ya fundo, amesuguliwa mpaka uso umefutika, alikuwamo yule mtu mdogo.

"Nilimutoa siku ile walirudi bila yeye," alisema. "Sikutaka abakie mu boksi, kifuniko juu yake."

Akamweka kwenye kiganja changu. Alikuwa na joto la mwili wa mama.

Nilirudi chumbani. Nilifikiria kumpachika bila gundi, ili siku moja aweze kutolewa. Nilifikiria kudanganya, mama haoni, ningemwambia tayari na kuficha kile kitu. Lakini vidole vya mama vinaona. Basi nikatia tone, nikamsimamisha kwenye tundu lake, nikamshikilia mpaka akashika. Gundi ilinipata, na nilipotoa mkono ngozi kidogo ya dole gumba langu ilibaki pale, karibu na alama ya lile lake.

Nikamletea mama. Alikipakata mapajani, akakipapasa mzinga, minyororo yote miwili, kisha akampata yule mtu na kumgusa kichwa kwa kidole kimoja.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

Sikuwahi kuusikia ukelele wa mama. Baba alipokufa alilia kwa staha, kitenge mdomoni, kama tunavyofundishwa. Leo alifungua mdomo na ikatoka sauti iliyokaa ndani ya mtu muda wote ule, ikapita juu ya mvua na bati, ikamwita Shabani kwa jina lake na jina la baba yake. Mimi nikaanguka miguuni pake nikalia naye. Nililia vibaya, kamasi zikinitoka, kama msichana wa mikia miwili.

Hapa kwetu ukelele haupigwi bure. Majirani walikuja mbio na mifuko ya plastiki kichwani. Wa kwanza alikuwa Mama Tatu wa nyumba ya pili, aliyehamia mtaani juzi tu na hajui mambo yetu.

"Kuko nini? Nani amekufa?"

"Shabani," nikasema. "Mutoto ya mama. Yaya yangu."

"Ee Mungu wangu! Amekufa lini?"

Nilikitazama kifaru mapajani kwa mama. Gundi ilikuwa bado inang'aa.

"Leo," nikamjibu.

Alivua viatu, akaketi sakafuni, akamshika mama mabega. Wengine wakaleta mikeka, wanaume wakafunga turubai uani. Baba mdogo amefika sasa hivi, amelowa chapachapa. Nilidhani angemkataza mama kulia kwa sauti. Alimtazama tu, akatazama juu ya kabati palipokuwa wazi, akakaa chini na kuuficha uso wake kwenye kanzu. Kesho baada ya swala ya Ijumaa watamswalia Yaya, kama wanavyoswaliwa waliokufa mbali.

Wananiita. Kuna wanawake jikoni kwangu na hawajui chumvi iko wapi.

Kesho tutaamka tuna msiba, kama watu wengine.