Kwa Nini Gumbuti Zangu Haziji Londiani

Mpendwa Baba,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umetulia, na yule ng'ombe wa madoa amezaa salama. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ng'ambo inaishinda ya Londiani, lakini nimeizoea.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga, Mama anasema, "Baba yako ako kwa ng'ombe." Hakuna ng'ombe anayekamuliwa mara nyingi hivyo. Najua umekasirikia zile gumbuti ndefu ulizoona kwenye picha, za mpira zinazofika kifuani, ninazoingia nazo mtoni, ulizotaka binamu yangu Kiprono akuletee akija likizo. Nilipokataa ulisema, "Wewe Chelangat, unaninyima kitu kuukuu? Na mguu wetu ni saizi moja." Nikasema nitakununulia mpya. "Ya nini kununua na ziko? Si uoshe tu?" Kisha ukampa Mama simu. Iliniuma, nisikufiche.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana nyumbani mnajua tu kwamba niko maabara. Nachunguza minyoo. Ni myembamba kama uzi mwekundu wa kushonea, na inaishi kwenye matope ya mito. Huku kuna ugonjwa wa trauti, samaki kama hao wa kidimbwi chako. Samaki mdogo anazunguka mahali pamoja kama mbwa anayefukuza mkia wake, uti wa mgongo unapinda, mkia unakuwa mweusi, na wengi wanakufa. Samaki hamwambukizi mwenzake moja kwa moja. Akioza, mbegu za ugonjwa zinabaki kwenye matope, mnyoo anazila, zinaongezeka ndani yake, halafu zinatoka majini kutafuta samaki wengine.

Lakini si kila mnyoo. Kuna bonde moja ambako trauti wengi wamepinda. Bonde la pili ugonjwa umefika vilevile, na samaki wanaogelea bila shida. Nikiweka minyoo ya mabonde yote mawili kwenye sahani moja, siwezi kuitofautisha, hata kwa darubini. Tofauti iko kwenye vinasaba. Wewe mgeni akija kuposa humwangalii sura, unauliza oret yake. Sisi nasi tunauliza minyoo ukoo wao. Ukoo mmoja unaukaribisha ugonjwa na kuuzalisha. Mwingine unameza mbegu zilezile na zinafia tumboni.

Minyoo ya mto wetu wa nyumbani ni ya ukoo gani? Hakuna aliyewahi kuiuliza. Inaweza kuwa ya ule mzuri, inaweza kuwa ya ule mbaya. Na gumbuti zangu hushinda kwenye lile bonde la wagonjwa. Naziosha kwa brashi kila jioni, lakini mbegu hizo hazionekani kwa macho, zinajificha kwenye mishono, na matope yakikauka nyingine hazifi. Donge dogo tu lingetosha kuingia kwenye kidimbwi ulichochimba kwa jembe ulipostaafu, na maji ya kidimbwi hicho yanarudi mtoni kwa majirani. Baba, siku ungeniambia samaki wako wanazunguka, nisingejua nikujibu nini.

Kwa hiyo Kiprono atakuletea gumbuti mpya, katoni imefungwa. Tafadhali usizirudishe. Nami nikija Desemba nitavua viatu getini, mniletee patipati hapo. Mama atacheka, acha acheke.

Msalimie Mama, aniwekee maziwa ya mursik. Msalimie kaka yangu Kipkorir anayelisha samaki, asiwazidishie chakula. Msalimie shangazi anayechuma majani chai Kericho, na nyanya yetu Kogo, umwambie nakula vizuri hata kama picha zinasema vingine.

Jambo la mwisho. Dukani nilikumbuka mguu wetu ni saizi moja, basi nikazivaa mimi, nikatembea nazo huku na huku mpaka muuzaji akaniangalia. Ukishazijaribu, pokea simu uniambie kama zinakubana kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mimi zilinibana hapo.

Binti yako,
Chelangat