Mistari Miwili ya Kabeji Karibu na Jikoni

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, koti langu halijakauka na moyo umekuwa mzito siku nzima.

Leo nilianza Utangulizi wa Falsafa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa chuoni Meru, vijana wanaosomea ualimu. Kipindi hiki mimi hukipenda. Niliandika matawi ubaoni na kuyaeleza kwa raha zangu: metafizikia inauliza ni nini kilichopo kweli, epistemolojia inauliza tunajuaje tunachodai kujua, mantiki inapima kama hoja zetu zinashikana, ujumi unauliza uzuri ni nini. La mwisho nikaandika maadili. Hilo linauliza tutende nini, hata pale ambapo hakuna anayetuona.

Kathure, msichana wa Muthara anayekaa mbele, akataka mfano ambao haumo kwenye notsi. Ningeweza kutaja mtu anayeiba mtihani, yakaisha. Sijui ni kiburi gani kilinipanda. Nikasema kuna mkulima mmoja wa kabeji. Mistari miwili iliyo karibu na jikoni haipigi dawa, kwa sababu ni ya kula nyumbani. Shamba lililobaki analipiga dawa Jumamosi, na Jumatatu anauza.

Darasa zima lilicheka. Walicheka kwa sababu wengi wao wanatoka nyumba zenye mistari hiyo miwili.

Kathure hakucheka. "Sasa mwalimu, na yule anajua na hasemi? Yeye tunamweka wapi?"

Nikaangalia saa, nikasema muda umeisha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

Mkulima huyo ni ndugu yangu Mutwiri, kule Ruiri. Wanaokula kabeji zake ni wanafunzi wangu hawa hawa, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kwa msimamizi wa jiko la chuo na kumsifu.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani na harufu ya dawa ilikuwa bado shambani. Nilimwambia angoje wiki mbili kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Hakukasirika hata. "Makena, nikingoja zitapasuka zote. Na si ni wewe ulisema chuo inataka Monday?" Mama alikuwa akinifungia kabeji mbili za pale karibu na jikoni. Nikazipokea, nikasema asante.

Nimezila wiki hii. Ni tamu, na ninajichukia.

Mchana nilikuwa zamu bwaloni. Ugali na kabeji. Kathure alikuja na sahani mbili, moja yangu. Nikamwambia vidonda vya tumbo vinanisumbua, kabeji daktari amenikataza. Akanipa pole, pole ya kweli kabisa, akaketi kando yangu akala. Alipomaliza akauliza kama anaweza kuchukua na yangu, isije ikatupwa.

Nilimsogezea.

Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza, nikaanza kumuuliza habari za kwao.

Nimefikiria kumwambia msimamizi. Lakini Mutwiri atapoteza soko, Mama hatanisamehe, na mkulima atakayechukua nafasi yake atakuja na kabeji za namna hiyo hiyo. Hoja inashikana vizuri. Ningemkuta mwanafunzi ameiandika kwenye mtihani ningempa alama zote za mantiki, halafu ningemwonea huruma.

Nimekuwa nikifundisha somo hili miaka mingi na sioni limenifanya nini. Labda limenipa maneno mazuri ya kuelezea woga wangu, basi.

Jioni hii Mutwiri ameniandikia. Amesikia wanafunzi wa mwaka wa pili wanarudi wiki ijayo, anauliza kama aongeze mzigo wa Jumatatu.

Nimemjibu: ongeza.