Skrini, Tableti na Uso wa Mama

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Nyumbani, Kamunyonge.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Sijafunga dirisha. Siyo kwamba napenda upepo, ni kwamba sijainuka.

Mezani kwangu kuna vifaa viwili, na kimoja lazima kirudi Bunda Jumatatu. Magesa, rafiki yangu anayeuza vifaa vya elektroniki vilivyotumika pale Bunda mjini, alinipa vyote wiki nzima nivijaribu baada ya kibao changu cha zamani cha kuchorea kufa. Alisema nitakachokipenda nibaki nacho, kingine nikirudishe kikiwa safi, bila alama za mafuta ya kupikia. Ananijua.

Kimoja ni skrini kubwa ya kuchorea. Yenyewe haijitegemei, inachomekwa kwenye kompyuta kwa nyaya tatu, kisha unachora juu ya kioo chake kwa kalamu maalumu. Kingine ni tableti. Ukubwa wake ni kama daftari kubwa la shule, haihitaji kompyuta, na inaingia kwenye mkoba pamoja na kanga na chupa ya maji.

Mwaka jana ningerukaruka. Sasa naviangalia kama ninavyoangalia sufuria.

Niseme kazi yangu, maana kuna wasomaji wageni humu. Nachora marehemu. Watu wa huku wakifiwa, mara nyingi picha pekee ya mzee ni ya kitambulisho: macho yameshtuka, nyuma ukuta wa bluu, kola imepinda. Wananitumia kwa simu, nami nachora upya. Namvalisha suti au gauni la kanisani, namtuliza macho, natoa picha ya kuweka juu ya jeneza na kwenye bango. Huu ni mwaka wa sita. Nimechora nyuso nyingi kuliko ninazozikumbuka.

Mama yangu alifariki miezi minane iliyopita.

Jumamosi ijayo tunaweka msalaba kwenye kaburi lake, Suguti. Tunasubirigi udongo utulie kwanza, kisha kaburi linajengewa msalaba wa saruji, na siku hizi hapo kwenye msalaba inapachikwa marumaru yenye picha. Fundi wa marumaru anaitaka picha Alhamisi. Nisipompa mpya, kaka zangu watampa ile tuliyotumia kwenye mazishi. Ikishachomwa kwenye marumaru haifutiki tena. Nami ile ya mazishi siitaki, ingawa mpaka juzi Jumatano nilikuwa siwezi kusema kwa nini.

Nikiri kitu ambacho sijamwambia mtu.

Mchana ule mama alipofariki, kaka mkubwa alinitumia picha aliyompiga kwa simu mbele ya ukuta wa bluu, na maneno manne: ya kwenye ratiba, haraka. Nikakaa mezani. Nikamtoa mama kwenye ukuta wa bluu, nikamwekea kola nyeupe, nikalainisha ngozi chini ya macho, nikafuta madoa. Haikunichukua nusu saa. Jina lake nikaliandika kwa herufi zilezile ninazowawekea wateja. Nikaituma, nikanawa mikono, nikala ugali.

Sikulia. Sijalia mpaka leo. Msibani walinisifu kwamba nina moyo, na mimi nikaitikia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na ganzi, kama mkono uliolaliwa, na ganzi yenyewe haijaachia.

Kwa hiyo wiki hii nilipoanza kuvijaribu vifaa vya Magesa, niliamua upesi sana. Skrini. Ni kubwa, naweza kuchora uso wa mtu kwa ukubwa wake halisi. Kioo chake kina mkwaruzo kidogo kama karatasi, kalamu inatii. Rangi ninazoziona ndizo zinazotoka kwa mchapaji. Jumatatu umeme ulikatika, kazi ya saa mbili ikapotea kwa sababu sikuwa nimehifadhi, na hata hasira sikupata. Nikasema ndiyo hali ya umeme, nikalala.

Lakini sababu yenyewe ya kuipenda ni kwamba haitoki chumbani. Ukiwa na skrini ya mezani, hakuna anayekuambia njoo. Watu wanatuma picha, unarudisha picha. Hakuna anayelia karibu yako wewe ukiwa umekaa tu kama gogo.

Jumanne nilimtumia Bhoke kazi yake. Bhoke ni mfanyabiashara wa Butiama, anauza nguo za watoto. Alifiwa na mama yake, bibi wa umri mkubwa sana. Kwenye kitambulisho bibi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani mpaka masikioni, na Bhoke aliomba nikitoe, mama aonekane kama alivyokuwa akikaa nyumbani. Nilikitoa. Nikaweka nywele fupi nyeupe, nikaweka masikio. Niliiona nzuri.

Jumatano asubuhi akapiga.

"Dada, umechora vizuri, Mungu akubariki. Ila huyu siyo mama."

Nikamuuliza tatizo ni macho au mdomo.

"Ni masikio. Umemwekea masikio ya watu wa siku hizi."

Nimekulia Mara. Nimeona mabibi wangapi waliotobolewa masikio usichanani, yakavutwa taratibu mpaka ndewe zikaning'inia karibu na shingo? Sikusahau kwamba yapo. Mkono tu ulichora sikio unalochora kila siku, nami sikuwepo kuuzuia. Nikamwomba anieleze yalikuwa na urefu gani.

"Sasa kwenye simu nitakuonyeshaje? Njoo."

Skrini na nyaya zake haziendi Butiama. Nikachukua tableti.

Tulikaa uani kwake. Jua lilipiga kioo tukawa hatuoni kitu, basi tukajifunika kanga yangu vichwani, wote wawili, kama watu wanaojifukiza. Kalamu inateleza kwenye kile kioo, mstari hautoki kama ninavyotaka. Yeye alikuwa ananiongoza kwa kidole, bila kugusa.

"Shusha. Shusha tena. Hapo. Sasa hili lingine lilikuwaga limechanika chini. Mimi ndiyo nililivutaga nikiwa mtoto, nikalichana, alinichapa huyo."

Akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, bega lake likigonga bega langu chini ya ile kanga. Mimi niliendelea kuchora. Nilitamani kulia naye, hata kwa heshima tu, nikashindwa. Nilichora ndewe iliyochanika mpaka akasema sasa huyo ni mama.

Niliporudi nyumbani niliwasha skrini, nikafungua ile picha ya mazishi. Sijui nilitafuta nini. Nikaikuza mpaka uso wa mama ukajaa kioo kizima, na hapo skrini kubwa ikafanya kazi yake: juu ya jicho niliona eneo laini kuliko pengine pote, kama ukuta uliozibwa kwa saruji ya siku nyingine. Niliijua ile brashi. Ni yangu. Mimi ndiye niliyefuta kitu pale.

Mama alikuwa na kovu. Lilikata nyusi yake vipande viwili. Nilikuwa nalijua toka naanza kujua vitu, na siku ile nililifuta pamoja na madoa.

Ningelirudisha kwa dakika moja, kama ningejua ni upande gani. Sisi wachoraji tuna kawaida ya kuigeuza picha kila baada ya muda, iwe kama ya kwenye kioo, ili tuone jicho lililokaa upogo. Siku ile niliigeuza. Kama niliirudisha kabla ya kuhifadhi, sikumbuki. Picha aliyonitumia kaka sikuitunza, na simu yake ya wakati ule alishaiuza. Kitambulisho cha mama kina picha ya ukubwa wa kucha, uso mzima ni kivuli. Kwenye simu yangu nina picha mbili tulizopiga pamoja kwa kamera ya mbele. Moja kovu lipo kulia, nyingine lipo kushoto, kwa sababu simu nyingine zinageuza na nyingine hazigeuzi, na nimetumia simu mbili.

Nikampigia kaka mkubwa. Akasema kulia, kwa sauti ya mtu anayebahatisha. Nikampigia mdogo wake. Akasema, "Kovu gani?"

Miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya uso ule, tena mimi ninayelipwa kwa kutazama nyuso, na sijui. Niliona aibu. Ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi kwa miezi minane na sikukifukuza.

Leo asubuhi nilikwenda Suguti kwa mama mdogo. Mama yeye aliondoka ziwani akaishi mbali miaka mingi. Mama mdogo hakuwahi kuondoka, wala hakuwahi kukaa siku mbili bila kumwona dada yake kila mama alipokuwa nyumbani. Nilimkuta anamenya mihogo ya kuanika. Nikasalimia, nikakaa kwenye mkeka, nikatoa tableti na kumwonyesha ile picha.

Aliitazama bila kuacha kumenya.

"Hiyo picha, siku ya mazishi mimi nilikaaga kimya tu. Nikasema labda ndiyo mnavyofanyaga mjini, mtu akifa anatengenezwa."

Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia nataka kulirudisha kovu na sijui ni upande gani. Sikuwa nimepanga kulisema lile la kutojua upande waziwazi namna ile. Nikamsogezea tableti aonyeshe kwa kidole.

"Huyu mimi simjui, mwanangu. Nitaonyeshaje kwa mtu nisiyemjua?"

Akaiweka pembeni, juu ya maganda. Akafuta mikono kwenye kanga yake. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikataka kugeuka, kisha akaweka dole gumba kwenye nyusi yangu ya kushoto na kulishusha taratibu.

"Lilianzia hapa. Likaishia hapa. Sura yake si umechukua wewe, nikaonyeshe wapi kwingine?"

Tangu mazishi watu wengi wamenishika mkono. Usoni hakuna aliyenigusa. Dole lake lilikuwa na mkwaruzo na lilinuka muhogo mbichi. Nilihisi kitu, nikakiacha kikae. Hakikuwa kilio. Sijui kilikuwa nini, ila kilikuwa changu.

Nilifungua ukurasa mweupe nikaanza na kovu. Mstari mmoja mfupi, nikibonyeza sana, kwenye uso ambao haukuwepo bado. Kisha nyusi pande zote mbili za lile kovu, kisha jicho, kisha lile jicho lingine. Mama mdogo alikuwa anamenya na kuchungulia. Panua hapo. Punguza. Shavu lake halikuwa hivyo, hapo umemnenepesha. Picha sikuigeuza hata mara moja. Jicho la kulia limekaa upogo kidogo, na mama mdogo anasema ndivyo lilivyokuwa.

Nilipofika mdomoni mkono ukakimbia. Mdomo uliofungwa, umetulia, pembe zimeinuka kidogo. Ndio mdomo ninaowapa wote.

"Mbona umemfunga mdomo?" mama mdogo akauliza. "Dada alikuwaga anacheka hata akiwa anasikiliza tu. Unaanza kumwambia jambo, hujafika popote, yeye ameshacheka."

Nikafuta. Nikajaribu tena mara tatu. Nilifumba macho kumtafuta mama akicheka nikapata sauti tu, ya kutoka jikoni, mdomo wenyewe siuoni. Nikazima kifaa.

Jumatatu narudisha skrini Bunda. Magesa atasema nimechagua kibaya, kwamba kwa kazi yangu kioo kidogo kinachoteleza ni mateso, na kwa shingo na macho atakuwa sahihi. Nitamjibu kwamba nimechagua kinachotembea. Bado watu wa kwenda kuwaona wananichosha nikiwafikiria tu. Nitakwenda hivyo hivyo nimechoka.

Mpaka sasa hivi mama ana macho, ana kovu upande wa kushoto, na hana mdomo. Fundi anasubiri mpaka Alhamisi. Wakati naaga, mama mdogo alinisindikiza hadi njiani akasema nirudi Jumatano, maana yeye na dada yake walikuwaga wanacheka sawasawa, hata baba yao alikuwaga hawatofautishi akiwa chumba cha pili.

Niliitikia. Nilishafika mbali ndipo nikagundua kwamba tangu tumzike mama, sijamwona mama mdogo akicheka hata siku moja. Kwa hiyo Jumatano itabidi nimchekeshe. Nimekaa hapa tangu nirudi nikijiuliza kama bado najua kumchekesha mtu.